Sigara Moja Moja na Sheria ya Baraza Letu

(Hotuba iliyosomwa na mwenezi wa chama mbele ya wanachama, mkoani Tabora)



Tumeombwa tuseme habari ya sheria ndogo ambayo wanachama wengi wanataka ipelekwe mbele ya Baraza la Madiwani, sheria ya kuwazuia wenye maduka na wachuuzi wasiwauzie watoto sigara. Maneno mengi yamesemwa mitaani juu ya jambo hili. Wako wasemao kuwa ni sheria ya kuwaonea wachuuzi. Wako wasemao kuwa ni mambo ya kigeni tu. Na mzee wetu mmoja ametuuliza waziwazi: je, chama hakina kazi nyingine, maji yameshapatikana? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba bomba la maji lataka fedha nyingi na mafundi, lakini sheria hii haitaki mkopo wala fundi. Yataka madiwani wainue mikono, na bwana afya apande baiskeli yake. Kazi ya namna hiyo haiizuii kazi ya maji hata kidogo.

Tuanze na sheria ya nchi. Bunge letu lilipitisha sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, nayo yakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu ikauthibitisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya kudhibiti tumbaku, na Ibara ya 16 ya Mkataba huo yahusu watoto khasa. Yasema wasiuziwe, na yazitaka nchi zijitahidi kukomesha uuzaji wa sigara moja moja, kwa kuwa sigara moja ndiyo ambayo mfuko wa mtoto waiweza. Basi sheria tunayo. Mtu aweza kuuliza, kama tunayo, Baraza litunge nyingine ya nini?

Atakayeuliza hivyo na atembee nasi barabarani saa kumi jioni, shule zinapofungwa. Kwenye kibanda atakuta pakiti imefunguliwa na kusimamishwa mbele ya peremende, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha ili mnunuzi awashe hapo hapo aende zake. Bei ya sigara moja haipiti sana bei ya andazi. Hakuna atakayemwuliza mtoto ana miaka mingapi. Akisogea mbele kidogo atamsikia mchuuzi anayepita akitingisha sarafu mkononi, ana karanga, ana kashata, ana sigara, na mara nyingi mchuuzi mwenyewe ni mtoto wa miaka 13 au 14 aliyeacha shule. Hapo mtoto anamwuzia mtoto, na watu wazima tumekaa barazani twanywa kahawa.

Na tuseme lingine ambalo halipendezi kusemwa. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tukafundisha kabla ya kuingia kazi ya chama, twajua kwamba watoto wengi hujifunza njia ya kwenda kununua sigara kwa kutumwa. "We mwanangu, hebu kimbia kanichukulie sigara mbili." Mtoto wetu hufundishwa kutumika, na adabu hiyo ni nzuri. Lakini mwenye duka akishazoea kumpa mtoto sigara za baba, atajuaje siku ambayo mtoto amejituma mwenyewe? Hawezi kujua, na kwa kweli hajali. Kwa hiyo sheria itakayosema "asiuziwe mtoto" lazima iseme pia "hata akisema ametumwa". Bila maneno hayo, kila mtoto atakuwa na baba anayevuta, hata yule ambaye baba yake ni shehe au mchungaji.

Tumesikia watu wakisema kuwa vitu hivi havizuiliki. Basi tuwape habari za miji mingine iliyojaribu, mazuri yake na mabaya yake, nanyi mpime wenyewe.

Karibu na Chicago, huko Marekani, uko mji mdogo uitwao Woodridge. Jimbo lilikuwa na sheria ya kuwakataza wenye maduka kuwauzia watoto, kama sisi tulivyo nayo, nayo ilikuwa imelala, kama ya kwetu ilivyolala. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha DePaul, Leonard Jason, akashirikiana na polisi wa mji kupima mambo. Walimtuma mtoto dukani akanunue, wakahesabu. Katika kila maduka 100, maduka 70 yalimwuzia. Mwaka 1989 baraza la mji likatunga sheria yake lenyewe: kila auzaye sigara awe na leseni ya mji, na mara kwa mara polisi watamtuma mtoto kujaribu. Atakayeuza atatozwa faini, na leseni yake yaweza kusimamishwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu, maduka yaliyokuwa yakiwauzia watoto hayakufika 5 katika kila 100. Na wanafunzi waliokuwa wakijaribu sigara walipungua zaidi ya nusu.

Ndugu zangu, angalieni ni kitu gani kilichobadilika pale. Watoto walikuwa wale wale na maduka yale yale, na katazo lilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni leseni iliyo mikononi mwa mji wenyewe, na mtu wa kwenda kutazama. Aliye mbali hawezi kuondoka katika makao makuu ya serikali aje kuhesabu vibanda vya mtaa wetu. Diwani aweza, maana anapita hapo kila siku.

Lakini hatukuja hapa kuwauzia dawa ya kutibu magonjwa yote. Katika jimbo la Massachusetts, pia huko Marekani, mganga aitwaye Nancy Rigotti na wenzake walichukua miji 6, mitatu ikasimamia sheria kwa nguvu na mitatu ikaachwa ilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Katika ile miji mitatu iliyosimamia, maduka 82 katika kila 100 yakawa yanakataa kuwauzia watoto, ambapo katika miji mingine yalikuwa 45 tu. Mtu angetegemea watoto wapungue kuvuta. Hawakupungua, na wenyewe waliulizwa wakasema kupata sigara hakukuwa kugumu zaidi kuliko zamani. Maduka 18 yaliyobaki yalitosha! Mtoto hahitaji maduka mengi. Duka moja lamtosha, na akilijua, darasa zima litalijua kabla ya jua kutua.

Hili twataka wanachama walishike sana, kwani wako madiwani watakaopenda kutunga sheria, wakapigwa picha, kisha wakafanya msako wa juma moja sokoni na kurudi nyumbani. Kazi ya namna hiyo afadhali isianzwe. Itawaudhi wachuuzi bure, wala haitamwokoa mtoto hata mmoja.

Sasa tuje kwa mji wa Needham. Uko jimbo hilo hilo la Massachusetts, karibu na Boston, una watu wapatao 30,000, mji usiopita kata zetu kubwa chache zikiwekwa pamoja. Huko kila mji una Halmashauri yake ya Afya yenye uwezo wa kutunga kanuni. Needham wakaamua kwamba miaka 18 haitoshi, wakapandisha umri wa kununua sigara, na mwaka 2005 ukafika 21. Majirani wakawaacha wapweke. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyewafuata, na wenye maduka walilia kwamba wateja watavuka mpaka kwenda kununua mji wa pili.

Sababu ya 21 ni nzuri, na mwalimu yeyote ataielewa upesi. Mtoto wa miaka 15 hapewi sigara na mtu wa miaka 40 asiyemjua. Hupewa na rafiki wa miaka 18 anayekaa naye shule moja, anayecheza naye mpira. Hapa kwetu ni vivyo hivyo: kijana wa kidato cha sita ana miaka 18, 19, hata 20, na wa kidato cha kwanza ana 13 au 14, nao katika shule nyingi walala bweni moja na kuteka maji bomba moja. Ukimruhusu mkubwa kununua, umemweka mchuuzi ndani ya bweni.

Je, ikawaje? Watafiti waliwauliza wanafunzi wa Needham na wa miji 16 ya jirani mwaka 2006, wakawauliza tena hadi 2010. Needham, waliokuwa wamevuta katika siku 30 zilizopita walishuka kutoka 13 kwa mia hadi 7 kwa mia. Katika miji jirani walishuka pia, lakini kutoka 15 hadi 12 tu. Khabari hizo zilipochapishwa mwaka 2015, miji mingi ilikuwa imekwisha amka. Jiji la New York lilipitisha umri wa 21 mwaka 2013. Jimbo la Massachusetts lenyewe likafuata mwaka 2018, baada ya miji yake zaidi ya 150 kutangulia. Na tarehe 20 Desemba 2019 ikawa sheria ya Marekani nzima. Mji mdogo uliochekwa mwaka 2005 ulikuwa umeionyesha njia nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, kwa muda wa miaka 14.

Hawakukoma hapo. Mji wa Brookline, jirani vile vile na Boston, ulipiga kura mwaka 2020 kwamba yeyote aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 2000 hatauziwa tumbaku humo, si leo wala atakapokuwa mzee. Wenye maduka wakaenda mahakamani. Mwaka 2024 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ikaamua kuwa mji ulikuwa na haki. Sisi hatusemi tuige hilo. Twalitaja ili muone jinsi watu wa mitaa wanavyoweza kusimama juu ya jambo lao mpaka mbele ya majaji.

Na asiseme mtu kuwa ni mambo ya Marekani tu. Majirani zetu wa Uganda walitunga sheria mwaka 2015, wakaweka umri wa 21 na kupiga marufuku kuuza sigara moja moja. Kenya katika sheria yao ya mwaka 2007 waliandika kwamba pakiti isipungue sigara 10. Kama vibandani mwao yafuatwa sawasawa, hilo ni swali la kuulizana tukikutana nao, nao wana haki ya kutuuliza sisi.

Sasa twaijia hoja ya wachuuzi, na hapa twaomba utulivu maana wengine wenu wamekuja na hasira.

Mama aliyeweka meza mbele ya nyumba yake, ana nyanya mafungu matano, ana dagaa, na pembeni pakiti moja ya sigara, yeye si adui wa chama. Yeye ni chama. Faida anayopata kwa sigara ile ndiyo daftari la mwanawe. Tukitunga sheria itakayompeleka mgambo kwenye meza yake akabebe nyanya pamoja na sigara, tutakuwa tumefanya dhuluma kwa jina la afya, na wananchi wataikumbuka siku ya kura. Twajua mambo ya mgambo. Twajua faini isiyo na stakabadhi inakwenda mfuko gani. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba kazi hii isipewe mgambo kamwe. Apewe bwana afya na mtendaji wa kata, waende wakiwa na karatasi, na aliyekosa mara ya kwanza aonywe kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Faini ije mara ya pili, kwa stakabadhi ya Halmashauri. Mara ya tatu azuiwe kuuza sigara kwa muda, lakini nyanya zake aendelee kuuza.

Na tuanzie juu, kwa mwenye duka la jumla. Yeye ndiye anayempelekea kila kibanda, na leseni yake imetundikwa ukutani. Akipewa sharti kwamba asimpe mzigo mchuuzi aliye chini ya miaka 18, yule mtoto wa kutingisha sarafu atabaki na karanga zake mkononi. Karanga hazimdhuru mtu. (Kwa nini anatingisha sarafu badala ya kuwa darasani, hilo ni jambo la mkutano mwingine, na tutaliitisha.)

Tena hatutaki mtoto atozwe faini wala apigwe. Woodridge waliwaadhibu watoto pia, na hapo sisi hatukubaliani nao. Mtoto aliyekutwa na sigara arudishwe kwa wazazi wake na kwa mwalimu. Tumbaku ni kitu kinachomshika mtu mapema, na wengi sana wa wavutaji wa kila siku walianza kabla ya kufika miaka 19. Aliyenaswa hatibiwi kwa fimbo. Wa kuadhibiwa ni aliyepokea hela yake.

Wako vijana waliotuambia: nikifika miaka 18 napiga kura, naweza kuingia jeshini, mbona mnataka kunichagulia cha kutia kinywani? Vijana hao tunawaheshimu. Kwanza, rasimu iliyopo mezani haiwagusi, maana imeshika umri wa 18 wa sheria ya nchi. Sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria mama, na kama Baraza laweza kupanda hadi 21 hilo tumemwachia mwanasheria wa Halmashauri. Pili, wanaotetea uhuru wa kijana wautazame uhuru wa yule aliyeanza akiwa na miaka 14, sasa ana 30, kila mwaka aapa kuacha na kila mwaka ashindwa.

Limebaki moja, nalo ndilo zito katika mkoa wetu. Sisi ni watu wa tumbaku. Urambo, baada ya ule mpango wa karanga wa wakoloni ulioanza mwaka 1947 kuanguka, ilikuwa tumbaku iliyobaki. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, nyumba za bati tunazoziona zimejengwa kwa majani hayo. Ushuru wa zao huingia katika mfuko wa Halmashauri, hata baada ya Bunge kuupunguza mwaka 2017 kutoka 5 hadi 3 kwa mia. Madiwani wengine watasema: je, tuukate mkono unaotulisha?

Twawajibu hivi. Sehemu kubwa ya tumbaku yetu husafirishwa kuuzwa nchi za nje. Bei yake haipangwi na mtoto wa Tabora anayenunua sigara moja akitoka shule. Mkulima hatapoteza kilo hata moja kwa sababu ya kibanda kukataa kumwuzia mwanawe. Kinachomwumiza mkulima ni madaraja sokoni, ni deni la pembejeo, ni malipo ya kuchelewa, na juu ya hayo chama kitaendelea kusema naye bega kwa bega. Mkulima huyo huyo tumwulize: huyu mtoto unayemlipia shule kwa jasho la tumbaku, unapenda hela ya daftari irudi kwenye tumbaku? Wakulima tuliowauliza walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku yaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani. Tunaolima tuna sababu ya kulijua jambo hilo kuliko wengine.

Sasa ni namna gani sheria yaweza kufika. Chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, Halmashauri hutangaza kusudi lake, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni na mapingamizi, madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana huidhinisha, ndipo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Vijiji navyo vyaweza kutunga vyao, mkutano wa kijiji ukishauriwa na Halmashauri ya Wilaya ikikubali. Njia ni ndefu, na mara nyingi sheria hufia pale pa maoni, kwa kuwa tangazo hubandikwa ubaoni na hakuna anayekwenda kulisoma. Wenye maduka ya jumla watakwenda. Wao wana wakili na wana muda.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lichague watu wawili, na mmoja wao awe mama. Wahesabu vibanda vya eneo lao vinavyouza sigara, na vilivyo karibu na shule vitiwe alama. Wasiandike majina ya watu, kwani hatutengenezi orodha ya washitakiwa. Waandike mtaa na hesabu tu. Tukienda kwa madiwani tukiwa na hesabu, hatutaambiwa kuwa tunasikia uvumi. Karatasi ziletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika vizuri aje na mwanawe wa shule, atamwandikia.

Bwana Mwenyekiti, rasimu iko hapa mezani, kurasa tatu, na tutaisoma yote kwa sauti kwa ajili ya wale waliosahau miwani. Kisha tuko tayari kwa maswali. Twaomba wachuuzi, ambao wamesimama kule nyuma tangu tuanze, wapewe nafasi ya kwanza.